Mrejesho: binti yangu anayenyonya kidole na kulala mdomo wazi

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza kuhusu binti yangu wa miaka 6: ananyonya kidole gumba, analala mdomo wazi, na meno ya mbele ya juu na ya chini hayakutani. Wengi mlisema nimpake pilipili kwenye kidole. Nilijaribu siku moja tu, akajifikicha macho, nyumba nzima hatukulala. Msirudie ushauri huo jamani.

Daktari wa meno alitutuma kwanza kwa daktari wa pua na koo. Kumbe nyama za pua zilikuwa zimevimba. Hata angetaka kufunga mdomo, hewa angepitishia wapi? Akapewa dawa ya kupuliza puani, pua ikafunguka. Ndipo mazoezi ya ulimi na midomo yakaanza: ncha ya ulimi inagusa juu ya kinywa, nyuma kidogo ya meno ya mbele, midomo imefungwa, anameza mate bila ulimi kusukuma meno. Dakika tano asubuhi na jioni, mbele ya kioo. Bibi yake naye kajiunga, maana anakoroma.

Mchana kidole kimekwisha. Usiku bado, namvalisha soksi mkononi. Waya wa kunyoosha meno, daktari kasema tusubiri kwanza meno ya ukubwani yaote.