Ruzuku ya mbolea ibaki au ifutwe? Mi nasema ibaki ila siyo hivi

Wakuu, kuna hoja inazunguka hapa Tanzania kwamba serikali ifute ruzuku ya mbolea za viwandani watu warudi kwenye samadi, eti udongo umechoka na mbolea ikisombwa Ziwa Victoria linajaa magugu maji. Napinga.

Waulizeni Sri Lanka, 2021 Rais Gotabaya Rajapaksa alipiga marufuku kuingiza mbolea za viwandani ghafla tu, mavuno ya mpunga yakaporomoka, Novemba mwaka huohuo wakarudi nyuma. Na sisi hata kuzidisha bado, kwenye mkutano wa Abuja, Nigeria, 2006 Afrika ilikubaliana kufika kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, mwaka umepita na bara zima halijafika.

Ila ruzuku yetu inahesabu mifuko, hapo ndo naigomea. Yurea kilo 50 ina naitrojeni kilo 23. Mtu kajisajili, kapata mfuko, anakuzia mahindi kwa kisoda kimoja kila shina juu ya udongo mkavu, hafukii, jua linawaka, nyingine inapaa hewani kama gesi ya amonia halafu mvua kubwa zikija iliyobaki inageuka naitreti, ambayo huyeyuka kwenye maji, inaelekea mtoni. Hela ya umma hiyo. Na udongo wenye asidi ukimwagia tu yurea miaka nenda rudi bila chokaa ya kupunguza asidi unazidi kuharibika. Ipimwe ardhi kwanza, na anayechanganya mahindi na mbaazi apewe nafuu zaidi maana mbaazi inajitengenezea naitrojeni.

JIBU: Mkuu unaongea kama uko ofisini. Apime nani? Bwana shamba mwenyewe tunamuona kwenye mkutano wa kijiji tu. Halafu hiyo mbaazi unayoipigia debe, 2017 India walipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi nchini kwao, bei huku ilikufa, kuna watu waliiacha ioze shambani. Mahindi yakikosa soko nasaga ugali, mbaazi gunia ishirini nifanyie nini?

MLETA MADA: Hapo kwenye soko umenibana, kweli huwezi kumwambia mtu alime kitu kwa ajili ya udongo wakati ada ya shule inamsubiri. Basi serikali inunue akiba ya mbaazi kama inavyonunua mahindi kupitia NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula. Kuhusu kupima, si lazima kila shamba, wakianza na kata moja moja wakala wa mbolea anajua auze nini hapo. Ila kufukia mbolea mkuu hakuhitaji bwana shamba, ni jembe tu.

Wa Kahama na Songea leteni hoja, huko mnafukia au mnamwaga?