Tupeane uzoefu: Uluguru kwenda na kurudi siku moja ukitokea Dar

Ngalawa: Wadau, juzi nimepita Morogoro na treni ya SGR, nikaona ukungu umeikalia milima ya Uluguru, kumbukumbu zikanijia zote. Tangu treni ianze Juni 2024, watu wa Dar hatuna kisingizio: chini ya saa mbili uko Kihonda, stesheni ya Morogoro. Mliopanda Morningside, kilele cha Bondwa au cha Lupanga, au kwenda maporomoko ya Choma, mwageni hapa. Mimi Choma sitaisahau. Maji yana baridi ya kung'oa meno, na njiani tulipishana na akina mama wa Kiluguru wanashuka sokoni na mikungu ya ndizi kichwani, wana haraka na hawapepesuki.

Bint Ukonga: Choma tamu sana. Naunga mkono.

Mama Pacha: Mkitaja Lupanga moyo wangu unapiga. Tulienda mimi, mume wangu, shemeji na rafiki yake, tukiongozwa na kijana tuliyepatana naye bei hapo chini. Kupanda hakukuwa na shida, msitu mnene, unashika mizizi unajivuta. Kileleni miti imeziba, mji huuoni, tukala mikate yetu tukaanza kushuka. Ukungu ukafunga, mvua ikashuka, udongo ukawa utelezi mtupu. Kijana akasema tusubiri, anatangulia kuangalia njia. Hakurudi! Tumeita mpaka sauti zimekauka. Saa kumi na mbili mle msituni ni giza totoro. Shemeji akateleza, mzizi ndio uliomzuia asiende bondeni. Kifundo kikavimba hadi tukamfungua kamba za raba. Nimemshika mkono, anatetemeka, anauliza tu watoto wanalala na nani. Simu iliyobaki na chaji, mtandao unakuja unapotea.

Kumbe mzee mmoja mwenye shamba pembeni ya msitu alitusikia. Akaja na tochi na panga, akakata fito, tukatoa kanga zetu ikawa machela. Nyumbani kwake mkewe ametupa uji wa moto na tangawizi. Hela alikataa, akakubali tu tumlipe mwanawe aliyekimbia kutafuta bodaboda.

Chogo: Mungu mkubwa. Huyo kijana alipatikana?

Ngalawa: Dada pole sana. Nimesoma nimesimama.

Fundi Saa: Ndiyo maana kila siku nasema, ule msitu ni hifadhi. Pitia ofisini, lipa kibali, upewe mwongozaji anayejulikana. Vijana wa barabarani ni matapeli.

Kilakala Damu: Fundi, chunga maneno. Sisi tumezaliwa chini ya huo mlima, tunaongoza wageni na tunawarudisha salama. Mmoja kakimbia, wote tumekuwa matapeli?

Fundi Saa: Sijasema wote.

Kilakala Damu: Umesema "vijana wa barabarani ni matapeli". Liko hapo juu, lisome.

Bint Ukonga: Jamani, tumsikilize Mama Pacha kwanza. Shemeji alipona?

Chogo: Ushauri wangu: masika msiende kabisa.

Baharia wa Feri: Masika ndiyo maporomoko yanajaa! Kiangazi unaenda kuangalia mawe?

Chogo: Yanajaa, na wewe unaondoka nayo mpaka mto Ruvu.

Ngalawa: Umetaja Ruvu umenigusa. Maji tunayofungulia bombani Dar yanatoka kwenye milima hiyo hiyo. Nilikuta chupa za plastiki zimejaa pale Choma, zimeachwa na sisi wa mjini. Inauma. Beba mfuko, rudi na taka zako.

Baharia wa Feri: Chukueni fimbo ya mwanzi.

Kilakala Damu: Fimbo ya nini Lupanga? Pale unahitaji mikono yote miwili. Anayeogopa kupotea aende Bondwa, minara ya mawasiliano iko juu kule kileleni.

Mama Pacha: Asanteni wote. Kijana hatukumwona tena. Shemeji alifungwa hogo, sasa anatembea vizuri, na Jumapili ameniuliza Morningside kukoje. Mume wangu hataki kusikia.

Kilakala Damu: Dada, mlete. Morningside njia ni pana hadi kwenye ile nyumba ya Wajerumani, hakuna kushika mizizi. Mpande treni ya kwanza, saa nane mchana muwe mmeanza kushuka. Nitawapokea mwenyewe, na sitaki hata senti.

Fundi Saa: Kibali walipe.

Kilakala Damu: Watalipa, mzee.