Tupeane uzoefu: kuokoa data kwenye hadi diski (hard disk) inayokata roho

Wakuu, diski ikianza kuganda na mafaili kugoma kufunguka, mnaanzia wapi? Leteni hatua na sababu zake.

mzee_saketi: Anza na sikio. Ikigonga tik-tik mfululizo kisha inazima, vichwa vya kusomea vina matatizo. Chomoa umeme hapo hapo, maana kila ukiwasha huenda vinakwangua sahani (duara zinazobeba data), na palipokwanguliwa hakuna fundi atakayeparudisha. Kama inazunguka kawaida ila nzito, soma SMART (ripoti ya afya ambayo diski hujiwekea) kwa `smartctl -a /dev/sdb`. Tazama namba 5, 197 na 198. Hiyo 197 ni sekta (vipande vidogo vya diski) zilizoshindikana kusomeka na bado hazijaamuliwa. 199 (makosa ya mawasiliano kwenye kebo) ikipanda peke yake, badilisha kebo kwanza. Neno PASSED (yaani "imefaulu") kwenye ripoti hiyo lisikupumbaze, diski nyingi hufa nalo.

nakala_kwanza: Ukishaona hivyo, chkdsk /r, amri ya Windows ya kukarabati diski, weka mbali. Inaandika juu ya diski mgonjwa na kuzidi kuichosha. Nakili diski nzima kwanza, ukitumia Linux, bila kuimaunti (kuifungua ili mafaili yake yatumike):

`ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/salama/d.img /mnt/salama/d.map`

Mzunguko huu unachota sehemu zinazosomeka kirahisi na kuahirisha zenye ubishi. Ukiisha:

`ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/salama/d.img /mnt/salama/d.map`

Sasa inarudia sehemu mbovu mara tatu. Faili la map ndilo linalokumbuka ilipofikia. Ukilipoteza, unaanza upya kusoma diski ambayo huenda haina tena nguvu hiyo. Hakikisha majina ya diski kwa `lsblk` kabla ya kubonyeza Enter, sdb hapa ni mfano tu wa diski mgonjwa. Diski ya 1 TB inahitaji nafasi ya 1 TB hata kama mafaili ni GB 200, na pa kuhifadhia pasiwe na mfumo wa mafaili wa FAT32, kwani haipokei faili la kuzidi GB 4. Elekeza feni kwenye diski. Ikivuka nyuzi 50, simamisha ipoe.

swali_tu: Na ikiwa ya nje, ya USB?

nakala_kwanza: Itoe kwenye kasha uiunge kwa SATA (kebo ya diski za ndani ya kompyuta), kasi na uvumilivu vinaongezeka. Tahadhari: baadhi ya makasha husimba data kwa bodi ndogo ya saketi iliyo ndani yake, kwa hiyo usiitupe. Mengine huonyesha sekta za baiti 512 kama za 4096, ndiyo maana partisheni (migawanyo ya diski) hupotea ukiitoa diski. Na kuna diski ambazo USB imejengwa kwenye bodi yenyewe, hapo huna pa kuchomeka SATA.

mzee_saketi: Ikiwa kimya kabisa, pima daiodi za TVS (zinazokinga diski dhidi ya umeme uliozidi) kwenye bodi kwa mita. Ikisoma karibu na omu 0, imeshoti. Ukiing'oa daiodi hiyo, diski inaweza kufanya kazi tena, ila haina tena kinga, kwa hiyo tumia pawa saplai unayoiamini. Kubandika tu bodi ya diski inayofanana nayo mara nyingi hakufanyi kazi: chipu ya ROM yenye miguu 8 lazima ihamishwe, ina vipimo vya vichwa vya diski ile ile. Hadithi ya kuweka diski kwenye friza iacheni, unyevu unaoganda juu ya sahani ni balaa jipya.

nakala_kwanza: Imeji (lile faili la nakala, d.img) ikishapatikana, TestDisk hurudisha partisheni. PhotoRec iwe ya mwisho: inaokoa mafaili, lakini majina na mafolda yanapotea. Vyote viendeshe kwenye nakala ya imeji.

swali_tu: SSD je, niliyofuta mafaili?

nakala_kwanza: TRIM (amri inayoiambia SSD ifute kabisa nafasi za mafaili yaliyofutwa) ikiwa imeshapita, mara nyingi utasoma sifuri tupu. Izime SSD haraka.