Tupeane uzoefu: mechi za viwanja vitupu wakati wa korona zilikugusaje?

Mwanzisha mada, Mombasa
Jana usiku runinga ilirudia mechi ya Liverpool na Chelsea ya Julai 2020, ile iliyomalizika kwa mabao 5-3 kisha wachezaji wakapanda jukwaa la Kop kupokea kombe. Nyuma yao viti vilikuwa vitupu. Liverpool ilikuwa imesubiri ubingwa wa ligi kwa miaka 30, nami nimeishabikia tangu shule ya msingi, lakini siku ubingwa ulipothibitika, Chelsea walipoifunga Manchester City, waliokuwa wakitufukuza, 2-1 tarehe 25 Juni, huku kwetu kafyu ilikuwa imeanza saa tatu usiku na kila mtu amejifungia kwake. Nilishangilia peke yangu na sikuona raha yoyote. Naomba kila mwenye kumbukumbu ya mechi zile aiweke hapa, awe alikuwa mtazamaji, mchezaji au mtu aliyeishi kwa riziki ya uwanjani.

Shabiki wa Tabora
Kilichoniudhi ni sauti za mashabiki zilizopandikizwa na vituo vya runinga. Mpira unagonga mwamba, na kelele za mshtuko zinafika baada ya mpira kwisha kutoka nje. Nilikuwa nikichagua matangazo yasiyo na kelele hizo kila nilipopewa nafasi hiyo.

Mama Wawili, Nakuru
Nakubaliana nawe kabisa.

Mtazamaji, Muscat
Mimi sikubaliani nanyi. Bila sauti zile, mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza ilifanana na mazoezi ya asubuhi, na baba yangu mzee, ambaye macho yake hayaoni vizuri na anaufuata mpira kwa masikio, asingejua hata mara moja kwamba hatari imefika langoni. Msihukumu kwa kuwatazama wenye macho peke yao.

Mkaazi wa Dortmund
Nilikuwa hapa mjini tarehe 16 Mei 2020, Bundesliga iliporudi kabla ya ligi nyingine zote kubwa za Ulaya, na Dortmund wakaifunga Schalke 4-0, bao la kwanza likifungwa na Haaland. Siku ya mchezo huo wa watani, kwa kawaida, huwezi kupita kwa urahisi kwenye treni wala barabarani, kwa kuwa jukwaa la kusini pekee husimamisha watu wapatao 25,000. Siku hiyo polisi walikuwa wengi kuliko wapita njia. Baada ya kipenga cha mwisho wachezaji walikwenda mbele ya jukwaa lile tupu wakalipigia makofi, kama wafanyavyo wiki zote, na jirani yangu Mjerumani, mtu mzima mwenye wajukuu, alitokwa na machozi mbele ya runinga. Kule Mönchengladbach mashabiki walilipa euro 19 ili picha zao za kadibodi zisimamishwe vitini. Wengine waliona ni upuuzi, mimi niliwaelewa.

Shabiki wa Tabora
Tuongee pia kuhusu matokeo, kwa sababu viwanja vitupu vilibadilisha hesabu zote. Msimu wa 2020/21 Uingereza timu za ugenini zilishinda mechi 153 na wenyeji 144, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ligi yao ya juu. Liverpool hao hao wa mwanzisha mada walikuwa wamecheza mechi 68 za ligi uwanjani kwao Anfield bila kufungwa, Burnley wakaivunja rekodi hiyo Januari 2021, na hicho kikawa cha kwanza kati ya vipigo sita mfululizo vya Liverpool nyumbani. Everton walishinda pale kwa mara ya kwanza tangu 1999.

Mwanzisha mada, Mombasa
Mabeki wetu wa kati walikuwa majeruhi karibu wote, Van Dijk akiwa wa kwanza. Usiutaje ukimya ukaacha majeraha.

Kipa wa zamani, Ligi Kuu ya Kenya
Nimeshindwa kuipita mada hii, kwa kuwa nilikuwa ndani ya uwanja. Nilidaka katika klabu moja ya ligi yetu msimu wa 2020/21, ule ulioanza mwishoni mwa Novemba 2020 baada ya miezi mingi ya kusimama, milango ikiwa imefungwa kwa mashabiki.

Watu hudhani uwanja mtupu ni mahali pa utulivu, lakini mchezaji aliyezoea kelele hupata tabu kubwa humo, kwa maana kila neno linasikika. Nilimsikia kocha wa wapinzani akimwelekeza winga wake apige chini, kushoto kwangu, kwa kuwa ninachelewa kuanguka upande huo, na tangu hapo kila mpira uliponijia nilikuwa nikiufikiria mguu wangu badala ya mpira.

Ninachotaka kueleza hasa ni mechi moja ya ugenini, mwanzoni mwa 2021. Ilikuja krosi, beki wetu wa kati akaruka pamoja na mshambuliaji wao, vichwa vikagongana kwa mlio nilioufahamu papo hapo kwamba si wa kawaida. Mpira ukamfikia kiungo wetu, shambulizi likageuka, na wachezaji wote pamoja na mwamuzi wakaufuata upande wa pili. Mshambuliaji aliinuka akiyumba. Beki wetu alibaki kifudifudi, mkono mmoja umekunjika chini ya tumbo. Nilimwita kwa jina lake, hakujibu. Nilipomgeuza nilikuta taya zimekaza na pumzi inakoroma, macho yamefunguka lakini hayaoni kitu.

Nilipiga ukelele mmoja wa kumwita daktari. Mwamuzi alikuwa amevuka mstari wa kati, tena amenipa mgongo, lakini alipuliza kipenga palepale, na daktari wetu alikuwa ameshaanza kukimbia kabla ya kipenga. Ninyi mliowahi kudaka mechi ya watani mbele ya uwanja uliojaa mnajua kwamba beki aliye hatua kumi mbele yako hakusikii hata ukipasua koo. Siku ile sauti yangu ilifika kila pembe. Daktari aliikamata shingo isitikisike, akaisogeza taya mbele, pumzi ikapita, nasi tukamzunguka tukiomba dua kila mtu kwa dini yake. Alifumbua macho ndani ya ambulansi.

Kwa hiyo nikisikia watu wanaulaani ukimya wa viwanja vile, moyo wangu unagawanyika.

Mama Wawili, Nakuru
Mungu ni mkubwa. Nimesoma nikitetemeka. Je, beki huyo alirudi uwanjani?

Mtazamaji, Muscat
Pole sana, kaka. Kwa mtu yeyote atakayekutana na hali hiyo, tulifundishwa zamani kumtia mgonjwa kijiko mdomoni ili asiumeze ulimi.

Muuguzi, Morogoro
Ndugu yangu wa Muscat, nakuomba usirudie ushauri huo mahali popote. Ulimi haumezwi, hulegea na kurudi nyuma ukaziba njia ya hewa, na kijiko au vidole huvunja meno na kumkaba mgonjwa. Aliyegongwa kichwa huhesabiwa kuwa ameumia shingo mpaka ithibitike vinginevyo, hivyo kichwa na shingo hushikwa imara na taya husogezwa mbele kama alivyofanya daktari yule. Asipopumua, anza kumkandamiza kifua mara moja.

Mkaazi wa Dortmund
Naheshimu simulizi ya kipa, lakini ukimya si sharti la kuokoa maisha. Christian Eriksen, kiungo wa Denmark, alipoanguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021, katika mechi ya Denmark na Finland, mashabiki walikuwamo uwanjani. Wachezaji wenzake walimzunguka kumsitiri, madaktari wakaushtua moyo wake, na mashabiki wa pande mbili wakaitikiana, hawa wakitaja jina lake la kwanza na wale la ukoo.

Shabiki wa Tabora
Sisi Tanzania ligi ilirudi Juni 2020 na mashabiki wakaruhusiwa kuingia. Julai tuliujaza Uwanja wa Taifa, kabla haujapewa jina la Mkapa, Simba wakaifunga Yanga 4-1 kwenye nusu fainali ya Kombe la FA. Sikuwahi kuutazama mpira wa nyumbani katika ukimya, na ninashukuru.

Mama Wawili, Nakuru
Unashukuru kwa sababu hukumzika mtu wako. Mimi nilimzika shemeji yangu kwa korona, tukiwa watu wachache makaburini. Kufunga milango ya viwanja hakukuwa uonevu.

Shabiki wa Tabora
Pole, dada. Sikusudii kuudharau msiba wako. Nasema tu kwamba kwetu yupo aliyeuza maji na karanga pale nje akalisha watoto.

Mchuuzi wa jezi, Nairobi
Hilo la karanga ndilo lililonivuta. Nilikuwa nikiuza jezi na skafu nje ya viwanja viwili vya jiji hili, na ligi iliporudi bila mashabiki, kwangu haikurudi. Mechi ilichezwa ndani nami nimesimama nje na mzigo begani, walinzi wakiniuliza ninamsubiri nani. Kisha Machi 2021 michezo ikasimamishwa tena, hata wachezaji wakakaa nyumbani.

Mtazamaji, Muscat
Ungeuza kwa simu, dada, picha zikatumwa kwenye makundi.

Mwanzisha mada, Mombasa
Skafu hununuliwa mtu akiwa njiani kuingia. Afadhali angebadili akauza barakoa za rangi za klabu.

Mchuuzi wa jezi, Nairobi
Barakoa nilishona na zilinunuliwa kidogo, ila wateja wangu wengi walikuwa vibarua waliopoteza kazi kipindi hicho hicho.

Kipa wa zamani, Ligi Kuu ya Kenya
Namjibu Mama Wawili. Beki alirudi mazoezini baada ya daktari kumruhusu, lakini mipira ya juu ilimtia hofu, akaacha kucheza msimu uliofuata. Sasa anafundisha vijana. Na kwa dada wa jezi: viingilio vilipokosekana, klabu ilituambia hakuna mishahara, tukacheza miezi kadhaa kwa nauli tu. Sehemu ya fedha ililipwa baadaye. Iliyobaki tunaidai hadi leo.