Apremont ina vipovu na haina harufu. Imeharibika?

Kizibuo
Wakuu, nimefungua Apremont, mvinyo mweupe wa Savoie kule Alps ya Ufaransa, zabibu aina ya Jacquère. Umetoka friji sasa hivi. Rangi karibu na maji, vipovu vidogo vimeganda ukutani mwa glasi, na kizibo kina chembe kama chumvi upande wa ndani. Harufu hamna, mdomoni ni ndimu tupu. Niurudishe dukani?

Mzabibu
Usiurudishe, mkuu. Vipovu ni kaboni dioksidi iliyobaki tangu mvinyo ulipochachuka. Wengi huko huiacha makusudi ili usipooze. Chembe ni asidi ya zabibu iliyoganda kwa baridi, haina madhara.

Kinachokukosesha harufu ni friji. Kwenye nyuzi 4 unabaki uchachu peke yake. Weka chupa mezani dakika 15 (kwa joto la Dar, 10 zinatosha) ifike nyuzi 8 hadi 10. Mimina theluthi ya glasi iliyobana mdomoni. Nusa kabla hujatikisa, kisha zungusha mara mbili tatu tu, maana ukizidisha gesi yote inatoka. Tafuta maua meupe, peasi na jiwe lililolowa mvua. Piga funda dogo, livute na hewa, lipitishe ulimi mzima, ndipo umeze.

Jabali
Naongezea: usiusubiri uwe mzito. Jacquère huzaa sana na kilevi chake huwa kama asilimia 11. Apremont imepandwa juu ya kifusi cha chokaa cha Mont Granier, mlima ulioporomoka mwaka 1248. Ukitaka uzito wa mkoa huohuo, nunua Roussette de Savoie, ya zabibu ya Altesse, au Chignin-Bergeron, ambayo ni Roussanne. Hizo zionje kwenye nyuzi 11 au 12.

Mzabibu
Ulioharibika utaujua. Ukinuka boksi lililolowa, kizibo kimeuambukiza, hauponi. Ukiwa wa kahawia na kunuka tufaha lililopondeka, umeingiwa na hewa. Ukiwa na ukungu, povu jingi na harufu ya hamira, umechachuka tena ndani ya chupa. Harufu ya kiberiti usiiogope, mara nyingi huisha kwa dakika chache kwenye glasi.

Kizibuo
Shukrani. Ukibaki, unakaa muda gani?

Jabali
Ziba vizuri, rudisha friji, siku 2 au 3. Vipovu ndivyo vitatangulia kuisha. Leo unywe na samaki wa kuchoma au jibini ya Beaufort, chumvi yake hutuliza ule uchachu.