Neno "aidha" limetukosesha mashine ya barafu. Walimu wa insha, mnawafunza nini watoto wetu?

Wanajamvi, assalaam alaykum.

Naandika nikiwa na hasira, na sitazificha.

Kikundi chetu cha wavuvi hapa Lamu kilipeleka barua kwa ofisi moja, sitaitaja, kuomba vitu viwili: mashine ya barafu na injini ya boti ya doria. Vyote viwili. Barafu sisi tunanunua kwa mtu, na siku akikatikiwa na umeme, samaki wetu wa usiku mzima, changu na tafi, wanauzwa bei ya kutupa kabla ya adhuhuri. Katibu wetu alikuwa mgonjwa, kwa hivyo barua akaandika mtoto wa ndugu yangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne na A yake ya Kiswahili.

Jibu limekuja juzi. Injini tumekubaliwa. Mashine ya barafu hata haikutajwa. Tulipokwenda kuuliza, afisa akatoa barua yetu wenyewe kwenye faili, akaweka kidole juu ya mstari: "Tunaomba kusaidiwa aidha mashine ya barafu, aidha injini ya boti." Akatwambia, "Wazee wangu, nyinyi wenyewe mmesema hiki au kile. Sisi tukawachagulia."

Nilirudi nyumbani nikamketisha kijana. Nikamuuliza, hapa ulikusudia nini? Akanijibu, "Ami, hicho ni kiunganishi tu. Mwalimu alisema vikiwa vingi, barua inapendeza."

Kiunganishi tu! Hapo ndipo damu iliponipanda.

"Aidha" asili yake ni Kiarabu, na aliyepita chuoni kwa maalim analijua: maana yake ni tena, pia, vilevile. Linaongeza jambo juu ya jambo. Lakini siku hizi, redioni na magazetini, limevishwa maana ya "ama hiki au kile", kwa sababu tu sauti yake inakaribiana na neno la Kiingereza la kuchagulia. Sasa neno moja linabeba mizigo miwili inayopingana, kuongeza na kuchagua, na msomaji ndiye anayeachiwa akisie. Afisa alikisia upande wake. Siwezi kumlaumu sana, maana kijana alilirudia mara mbili, na ukilirudia hivyo, wengi watasikia kuchagua. Angeandika "na", herufi mbili basi, leo tungekuwa tunatafuta pa kuifunga mashine.

Nikaomba daftari lake la insha la kidato cha nne. Ndani yake mna karatasi iliyotolewa kopi, safu mbili za viunganishi toka juu mpaka chini: aidha, isitoshe, fauka ya hayo, licha ya hayo, minghairi ya hayo, hali kadhalika. Hamna hata mstari mmoja unaoeleza kila kimoja kazi yake ni ipi. Safu tu, kama bei za bidhaa dukani. Na ndani ya insha zake, juu ya kila kiunganishi pana alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Mwisho wa ukurasa mwalimu ameandika: "Viunganishi 14. Vizuri sana."

Nawanakilia aya moja, muione wenyewe:

"Punda ni mnyama muhimu Lamu. Fauka ya hayo, vichochoro vyetu ni vyembamba. Isitoshe, gari haliwezi kupita. Hata hivyo, punda hubeba mawe, mchanga na simenti. Licha ya hayo, watu huwahitaji."

Isomeni tena polepole. "Hata hivyo" ni neno la kupinga. Linamwambia msomaji: ulitarajia vile, sasa sikiliza hivi. Hapa nani amepingwa? Gari halipiti, basi punda anabeba. Hilo ni tokeo la lile la kwanza, moja limezaa jingine. "Licha ya hayo" nayo, ambayo wengi leo huisikia kama "ingawa ni hivyo", imewekwa mahali ambapo watu wanamhitaji punda kwa ajili ya hayo hasa. Yaani neno limeisema maana kinyume chake, na limepata alama ya vema!

Mtoto yuyo huyo, nikimuuliza kwa mdomo kwa nini mui huu, yaani mji wetu, una punda, hunambia bila kufikiri: "Ami, vichochoro ni vyembamba hata gari haliwezi kupita, ndiyo maana mawe na simenti vinabebwa na punda." Sentensi moja, imenyooka, sababu imeshikana na tokeo. Anavyo viunganishi vyake tangu anyonye. Shule ndiyo iliyomwambia kwamba hivyo havitoshi, akavae vya karatasini.

Mimi ni mtu wa bahari, nitasema kwa lugha ya bahari. Chombo kikipiga bisho, yaani kikigeuza tanga kwenda kinyume cha upepo, nahodha hutoa sauti kabla foromali, ule mti unaoshika tanga, haijavuka upande wa pili. Kila baharia akisikia ile sauti anainama. "Lakini" ndiyo sauti hiyo. "Kwa hivyo" ni sauti nyingine, "kwa sababu" nyingine. Ukipiga sauti ya uongo, au ukapiga zote kwa pamoja, watu wanapigwa na foromali kichwani. Msomaji naye anakutegemea hivyo hivyo: neno moja mwanzoni mwa sentensi linamweka tayari kwa kinachokuja. "Bahari ilichafuka, kwa hivyo..." ameshajua mlibaki nyumbani. "Bahari ilichafuka, hata hivyo..." ameshaanza kuwaogopea.

Jambo jingine linaloniuma zaidi ni hili. Kiswahili kina uzi wake ndani ya kitenzi chenyewe. Bibi zetu wakisimulia: "Akaamka, akashuka ngazi, akafungua mlango, akamwona mgeni." Ile "ka" imeshona yote, mtu hapotei. Kijana wangu ameandika: "Kisha akaamka. Halafu akashuka ngazi. Baadaye akafungua mlango. Hatimaye akamwona mgeni." Ameshona juu ya mshono. Tena "hatimaye" ni la mtu aliyengoja muda mrefu au aliyehangaika sana. Huyu ameshuka ngazi tu. Na siyo "ka" peke yake. Ipo "ki" ya "akija nitamwambia", ipo "nge", ipo "japo" iliyoingia ndani ya kitenzi, kama "ajapokuja". Ni darasa lipi linalomwonyesha mtoto kwamba hivyo navyo vinaunganisha mawazo?

"Bali" sitaligusa sana, kila mtu analijua tatizo lake: linataka ukanushe kwanza. "Hakwenda Malindi bali Mombasa." Sasa watu wanaandika "Alikwenda sokoni bali hakununua samaki", palipofaa "lakini". "Sembuse" nalo, ambalo wengine huku husema "seuze", wanalitia popote. Hilo ni la kupima: mtoto mdogo anavuka kwa kuogelea, sembuse wewe nahodha? Pasipo kipimo halina kazi. Ama "ingawa" ikifuatwa na "lakini" katika sentensi moja, wako wanaolikemea, mimi nalisamehe, maana halimpotezi msomaji.

Na msinambie mtihani ndio unaotaka hivyo. Karatasi ya insha ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne hapa Kenya, ina insha mbili, kila moja alama 20, na mtahini anaipanga insha katika kiwango kwa kuitazama nzima: D ni alama 1 hadi 5, A ni 16 hadi 20. Mtiririko wa mawazo unatazamwa, naam. Mtiririko na idadi ni vitu viwili mbalimbali.

Wazee wetu hawakupewa karatasi ya safu mbili. Kila Ijumaa khatibu anamsifu Mola, anamsalia Mtume, halafu anasema "ama baad". Msikiti mzima unajua sifa zimekwisha, sasa linakuja jambo. Barua za zamani za pwani hii, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilikuwa vivyo hivyo: salamu ndefu, "wa baada", kisha haja. Mara moja tu, na pahali pake.

Walimu mliomo humu, nawaomba kwa heshima ila kwa uchungu: acheni kuhesabu. Chukueni insha ya mtoto, funikeni kiunganishi kwa kidole, mumuulize: sentensi hii na ile ya juu zina udugu gani? Ni sababu? Ni tokeo? Ni kupinga? Ni kuongeza? Akishajibu, mfunulieni kidole alione neno aliloweka. Akinyamaza, jueni shida haiko kwenye kiunganishi, mawazo yenyewe hayajakutana, na hakuna neno la karatasini litakaloyakutanisha.

NYONGEZA: Kuna aliyeuliza kama nimemgombeza kijana. Sikumgombeza, yeye kafanya alivyofunzwa, akasifiwa kwa kalamu nyekundu. Jana usiku tumeketi barazani tukaandika barua nyingine, kalamu mkononi mwake. Inasema: "Tunaomba vitu viwili, vyote viwili. Cha kwanza ni mashine ya barafu, kwa sababu samaki wanaharibika kabla ya kufika sokoni. Cha pili ni injini ya boti, ambayo mmekwisha kutukubalia na tunawashukuru. Injini pekee haitatufaa kwa tatizo la kwanza, kwa hivyo tunawaomba mlitazame ombi la barafu upya." Jumatatu asubuhi inavuka na boti ya Mokowe, ng'ambo ya bara.