Mmeruka vitendawili vya Gollum ili mumuone Legolas! Hili sinyamazi

Assalam aleikum wadau. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira tangu Ijumaa usiku, leo ni Jumatatu na haijapoa hata kidogo.

Kwa ambao hawakuwepo: kuna kibanda cha video huku Langoni, Lamu, sikitaji jina, mwenyewe anajijua. Wiki iliyopita alibandika karatasi ukutani kwamba ataonyesha picha za The Hobbit zote tatu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili baada ya Isha, kiingilio shilingi 50. Kwenye karatasi alitia sura nne: Gandalf mchawi, Legolas mpiga upinde, Galadriel bibi wa msituni na Frodo aliyebeba pete. Chini akaandika kwa herufi kubwa, WAMERUDI, yaani wale wa picha za mwanzo, The Lord of the Rings. Bilbo, mwenye safari yake, hayumo. Nilipaswa kujua palepale. Lakini nilikwenda, tena nikamchukua mtoto wa dada yangu. Ana miaka 11, habari za ile pete ya kichawi nimemsimulia tangu hajaanza shule, na nilimuahidi jambo moja tu: leo utamuona Gollum, yule kiumbe wa pangoni mwenye pete, akitegana vitendawili na Bilbo.

Picha ikaanza vizuri. Wale watu wafupi 13, wenzake wa safari, wakaja kwa Bilbo wakamaliza chakula chote cha ghalani, safari ikaanza, wakaingia milimani, wakakamatwa, Bilbo akaanguka shimoni gizani peke yake. Mtoto akanishika mkono, maana alijua tumefika. Hapo ndipo wale wa benchi la nyuma walipoanza: "Legolas yuko wapi? Sogeza mbele, sogeza!" Na mwenye kibanda akachukua rimoti akasogeza. Wallahi akasogeza! Tukamuona Gollum anarukaruka kwenye skrini bila sauti, mdomo unakwenda mbio, macho yanang'aa, halafu kwisha. Bilbo huyo yuko nje mlimani na wenzake. Watu wakapiga makofi.

Mtoto akaniuliza, "Mjomba, pete kaipata wapi?"

Nijibuni nyinyi mliopiga makofi. Nilimjibu nini? Nimemlipia kiti aone pete ilipopatikana, na ndiyo sehemu mliyoitupa. Na Legolas mliyemlilia hayumo kabisa katika picha ya kwanza! Anaingia katika ya pili, ile ya 2013. Mngesogeza mpaka majina ya mwisho msingemkuta.

Sasa wacha niseme mlichokiruka, kwa sababu naona wengi hamjui. Bilbo yumo pangoni hana njia. Gollum anataka kumla. Wanakubaliana kutegana vitendawili: Bilbo akishinda aonyeshwe njia, akishindwa aliwe. Sisi huku mtu akishindwa kitendawili anatoa mji, "nakupa Mombasa", mtegaji anafika Mombasa anakula vinono, mambo yanaisha kwa kicheko. Pale mji ni nyama yako mwenyewe. Na kimoja katika vile vitendawili jibu lake ni yai. Yai! "Nyumba yangu haina mlango." Nani kati yenu hakutegwa hiki na bibi yake kabla hajajua kufunga kikoi? Tolkien, mwandishi aliyekitia kwenye kitabu cha The Hobbit cha 1937, alikuwa Uingereza, sisi tuko Lamu, na kitendawili chetu tunacho kilekile. Kama kuna sehemu moja katika picha zote zile ambayo mtoto wa Langoni hahitaji kuelezwa na mtu yeyote, ni ile. Mngemwacha angejibu kabla ya Gollum.

Halafu mwisho wake. Bilbo ameshavaa pete, haonekani, ana upanga, na Gollum amesimama mbele yake hajui kitu. Angeweza kumuua. Anamtazama usoni, anaona kiumbe kilichopotea, anamhurumia, anamwacha hai. Huruma ile ndiyo inayokuja kuamua kila kitu miaka mingi baadaye, pale pete inapofikishwa motoni na Frodo anashindwa kuitupa. Asingekuwepo Gollum, pete isingeangamia. Kuiruka sehemu ile ni kama mtu anayesimulia kifo cha Fumo Liyongo akairuka sindano ya shaba ya kitovuni ili awahi kufika kisimani. Sasa Liyongo kafa kwa nini?

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mlikuja kuwatazama waigizaji waliorudi. Basi Andy Serkis si amerudi? Ni yeye aliyemcheza Gollum katika zile The Lord of the Rings za 2002 na 2003, akarudi mwaka 2012 kwa sehemu hii moja. Kuanza tu kwa kupiga picha, ni hiyo waliyoanza nayo, yeye na Martin Freeman anayemcheza Bilbo, halafu akabaki kule New Zealand akiongoza kundi la pili la wapiga picha. Sura yake hamuioni kwa sababu kompyuta imeifunika, lakini kila mkunjo wa uso ule ni wake. Yule ndiye aliyerudi kufanya kazi. Mmemruka, kwa sababu sura yake haimo kwenye karatasi ya ukutani.

Hilo neno "wamerudi" ndilo limewapoteza. Mtu akirudi aulizwe amerudi kufanya nini. Mimi kazi yangu ni milango. Nimeshaombwa mara nyingi nihamishe mlango wa zamani kutoka nyumba iliyoanguka niutie nyumba mpya. Ukipachikwa penye njia, watu wakaingia na kutoka, umerudi kazini. Ukigongomelewa ukutani ili wageni waupige picha, ule sasa ni ubao tu, hata uwe umechongwa namna gani.

Katika The Hobbit wako waliopachikwa na wako waliogongomelewa, na nyinyi mmewapigia makofi waliogongomelewa.

Frodo anatoka nyumbani, anachukua barua, anabandika tangazo mlangoni, anaondoka. Hadithi ni ya miaka 60 kabla yake. Nilifurahi kumuona Elijah Wood, Frodo mwenyewe, pamoja na mzee Ian Holm, Bilbo wa uzeeni, sikatai, na tangu Holm alipofariki mwaka 2020 naitazama sehemu ile kwa heshima zaidi. Lakini haifungui chumba chochote.

Galadriel naye kitabuni hatajwi, lakini kitabu kinasema Gandalf aliwaacha wenzake akaenda kwenye baraza la wenye hekima, wakamfukuza adui kutoka ngome yake. Picha imetuonyesha baraza lile. Huyo ana mlango wake, simgusi.

Legolas sasa. Msitu wanaoupita Bilbo na wenzake katika picha ya pili ni wa baba yake, kwa hiyo kumkuta nyumbani kwao si kosa, hata kama kitabu hakikumtaja. Angesimama pembeni ya baba yake tukamjua, yatosha. Badala yake anakanyaga vichwa vya watu walio ndani ya mapipa mtoni, anapigana hapa, anaruka pale, anakimbia juu ya mawe yanayoanguka, na kila dakika anayopewa inatolewa kwa Bilbo. Picha ya tatu ina dakika 144 na wewe unamtafuta Bilbo kama umepoteza punda sokoni. Kitabu kimoja kidogo, kilichopangiwa picha mbili, Julai 2012 wakatangaza zitakuwa tatu. Nafasi ikapatikana ya kujaza, wakajaza sura tunazozijua.

Na mwisho wa ile ya tatu, baba yake anamwambia aende akamtafute mtu anayeitwa Strider, ndilo jina la njiani la Aragorn, yule mfalme wa hadithi ya Frodo. Watu kibandani wakasimama! Aragorn! Viggo Mortensen aliyemcheza hakurudi, basi wakamrudisha kwa jina. Haya, hesabuni na mimi. Kwa kitabu, Aragorn wakati ule ana miaka 10. Legolas anatumwa kaskazini kumtafuta mtoto. Pale Mkunguni tunapokunywa kahawa jamaa mmoja alinijibu kwamba picha zimeondoa ile miaka 17 ambayo kitabuni inapita kati ya sherehe ya Bilbo na safari ya Frodo, na kwamba Aragorn mwenyewe anasema ana 87 katika toleo refu la picha ya 2002, kwa hiyo anafikia kama 27. Sawa, nakubali, hesabu yake ni nzuri na alisema kwa adabu. Lakini hata akiwa na 27, sababu ya kumtaja ni ipi ila tupige makofi? Hakuna kitu ndani ya hadithi ya Bilbo kinachomhitaji mtu yule.

Palepale Mkunguni ndipo nilipoacha kahawa yangu nikaondoka. Mwingine alisema, "Wale wazee warudi makwao, wamekuja kula hela tu, Saruman hata kusimama hawezi."

Ndugu yangu, kama unasoma hapa, unamjua uliyemtaja? Christopher Lee, aliyemcheza Saruman yule mchawi muovu, alizaliwa 1922. Alikuwa akikisoma kile kitabu kikubwa cha pete kila mwaka, na Tolkien mtungaji wake aliwahi kukutana naye. Mwaka 2003, picha ya mwisho ya The Lord of the Rings ilipofika kwenye kumbi, sehemu zake zote zilikuwa zimekatwa, adui mkubwa kama yule haonekani hata mara moja, na iliumiza watu, mwenyewe kwanza. Wakati wa The Hobbit hakuweza tena kusafiri mpaka New Zealand, ikabidi wamfuate na kamera London. Akakaa kitini, akasema maneno yake kwa sauti ile. Picha ya tatu ilipotoka, Desemba 2014, alikuwa na miaka 92. Juni 2015 akafariki. Huyo alikuwa akidai sehemu yake tangu 2003 na akaja kuichukua. Mzee wa miaka 92 akisimulia barazani kwako utamwambia kusimama hawezi?

Na Ian McKellen, aliyemcheza Gandalf. Katika zile za mwanzo Gandalf alionekana mrefu kwa ujanja wa kumkalisha karibu na kamera na wenzake mbali, wote wamo chumba kimoja wanatazamana. Safari hii kamera zilikuwa za picha zenye kina, zile za 3D, ujanja ule haukuwezekana, wakamweka peke yake mbele ya kitambaa cha kijani na picha za wale wafupi zimesimamishwa kwenye vijiti, taa inawaka kuonyesha nani anazungumza. Mzee yule akalia. Miaka yote ya jukwaani, halafu anazungumza na taa. Akajifuta, akaimaliza kazi. Mnapomuona kwenye karamu nyumbani kwa Bilbo na hamjui kwamba alikuwa peke yake, hiyo ndiyo kazi ninayoisema.

Naongeza hapa baada ya Isha, nimeona majibu.

Aliyeandika "ni picha tu, punguza jazba": sipunguzi. Tulipokuwa wadogo, zile CD zikitoka Mombasa tulikuwa watu ishirini kwenye sebule moja, na hakuna aliyethubutu kusema sogeza mbele. Aliyeshikwa na haja alitoka na aliporudi alisimuliwa kwa kunong'onezwa. Hiyo ndiyo adabu ya kutazama niliyoikuta.

Aliyeuliza kwa nini naileta sasa, picha zenyewe za zamani: kwa sababu inakuja nyingine. Mwezi Mei 2024 walitangaza picha ya kumsaka Gollum, inayokaa katikati ya safari ya Bilbo na ile ya Frodo, na mwongozaji ni Serkis mwenyewe. Wamesema Desemba 2027. Na nyinyi mshaanza tena, nani anarudi, nani amezeeka, mnahesabu miaka ya McKellen aliyezaliwa 1939 kama mnanunua mbuzi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza Gollum ametoka wapi mpaka asakwe. Ametoka pangoni! Ametoka katika sehemu mliyoisogeza kwa rimoti! Mtakaa kwenye viti mwaka 2027 mkiwaona watu wanamwinda kiumbe ambaye hamjui ameibiwa nini wala kwa nini yu hai.

Aliyesema mwenye kibanda anafuata matakwa ya wateja: mimi nilikuwa mteja. Mtoto alikuwa mteja. Tulilipa shilingi zilezile mlizolipa, tofauti ni kwamba hatukupiga kelele.

Nilikwenda kumuona mwenye kibanda Jumapili mchana, akaniambia, "Sehemu ile watu wanazungumza tu." Ndiyo, wanazungumza tu! Watu wawili gizani, mmoja ana njaa, na kinachomzuia ni maneno. Sisi watu wa utendi na vitendawili ndio tunaosema wanazungumza tu?

Sasa nasema ninachotaka. Fedha sitaki kurudishiwa. Amenipa jibu kwamba Jumamosi ijayo anarudia ya kwanza kwa sababu wengine walikosa nafasi. Nitakuja na mtoto, na nitakaa benchi la nyuma, pamoja na wale wale. Mwenye kibanda, najua unasoma hapa. Bilbo akianguka shimoni, weka rimoti juu ya spika mahali tunapoiona sote, na usiiguse mpaka atakapomruka Gollum akatoka mlangoni.